Mwanga Unaofichua Ugonjwa wa Jicho

Ukitazama bahari ya Diani saa sita mchana, mng'ao wa jua hukuzuia kuona kilicho chini ya maji. Jicho nalo ni vivyo hivyo: daktari akilimulika, sehemu ya mwanga hurudi na kumzuia kuona ndani.

Mwaka 1808, Mfaransa Étienne-Louis Malus aligundua kwamba mwanga unaorudishwa na kioo cha dirisha si sawa na mwanga wa kawaida. Leo twajua mawimbi yake hutikisika zaidi upande mmoja, hivyo waweza kuchujwa. Mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kutazama ndani ya jicho. Baadaye baadhi ya vifaa hivyo vilitiwa vichujio vya kupunguza mng'ao, na nyuma ya jicho ikaonekana vizuri zaidi.

Kwetu Kwale, kituo cha macho kilianzishwa mwaka 1993. Basi mama, ukiona weupe ndani ya mboni ya mwanao, usitie dawa ya kienyeji wala usingoje. Huenda ni mtoto wa jicho, au saratani. Mpeleke akamulikwe mapema. Kuwahi huokoa jicho, na hata uhai.