Figo Inayobaki

Katika historia ya utabibu, habari za figo hunivuta kuliko nyingine, kwa sababu binadamu amepewa figo mbili naye aweza kuishi kwa moja. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1869 mjini Heidelberg, Ujerumani. Daktari Gustav Simon, baada ya kufanya majaribio kwa mbwa, alimtoa mwanamke mmoja figo moja, naye akapona.

Ushindi ule ulizaa mazoea. Karne moja baadaye, mwaka 1969, Robson wa Toronto na wenzake walihimiza kwamba penye saratani figo itolewe nzima, pamoja na mafuta yanayoizunguka na tezi iliyo juu yake. Siwalaumu. Walikuwa wakipigania roho za watu, na picha za eksirei za zama zile zilionyesha umbo la figo kuliko tabia ya uvimbe.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba sumaku na mawimbi ya redio vyaweza kuchora picha. Miili yetu imejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Sumaku kali huvipanga viini vyake, mawimbi huvitikisa, navyo virejeapo hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Hiyo ndiyo MRI. Kwa kuwa ishara ya mafuta hutofautiana na ya maji, mashine hii yaweza kuutambua uvimbe wa figo wenye mafuta mengi, ambao kwa kawaida si saratani, na hivyo kumwepusha mgonjwa na kisu.

Mwaka 2006 ulileta mafunzo mawili. La kwanza lilitoka New York, kwa wagonjwa 662 wenye figo mbili, kipimo cha damu cha kawaida na uvimbe usiozidi sentimita 4. Baada ya miaka mitatu, kati ya waliokatwa sehemu tu ya figo, 80 katika kila 100 walikuwa hawajapatwa na upungufu mpya wa nguvu za figo. Kati ya waliotolewa figo nzima, walikuwa 35 tu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii huliwa kimyakimya, maana kipimo cha kreatinini katika damu chaweza kuonekana kizuri hata nusu ya nguvu za figo ikiwa imekwisha potea.

Funzo la pili lilitoka Austria. Tangu 1988 wagonjwa walikuwa wakidungwa dawa yenye gadoliniamu ili picha za MRI zing'ae. Grobner akaihusisha dawa hiyo na maradhi ya ngozi kukakamaa na viungo kukunjika visinyooke, ambayo yaliwapata watu wenye figo dhaifu mno, zisizoweza kuitoa mwilini. Wengine walikufa. Basi aliyehitaji zaidi figo zake zitazamwe ndiye aliyedhuriwa na kule kutazamwa! Siku hizi zipo dawa za namna hiyo ambazo hatari yake ni ndogo sana.

Wataalamu wametafuta pia njia zisizo na sindano. Ipo inayotumia mabadiliko ya damu iliyopungukiwa na oksijeni, ipo inayoyatia alama kwa mawimbi maji yaliyo katika damu iendayo kwenye figo, na ipo inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Mengi ya vipimo hivyo bado yamo katika utafiti, lakini mimi nayaona kuwa makubwa. Kipimo cha damu hutoa jumla ya figo zote mbili. Picha yaweza kueleza hali ya kila moja peke yake.

Kwa muda mrefu swali lilikuwa, “Tutoe nini?” Naamini lililo sawa nalo kwa uzito ni, “Kitakachobaki kitaweza kumbeba mwenyewe kwa miaka mingapi?” Mgonjwa ana haki ya kuliuliza kabla hajatia saini.