Griffon na Drahthaar: Tofauti Iko Kwenye Nasaba

Griffon wa Korthals na Drahthaar wa Kijerumani ni mbwa wa kuwinda wanaofanana kiasi cha kuwachanganya hata watu waliozoea mbwa. Wote wana singa ngumu kama waya, ndevu, nyusi nene, na rangi ya kahawia inayochanganyika na nyeupe. Wote husimama tuli wakinusa kware aliyejificha majanini, kisha humfuata aliyepigwa risasi na kumleta, hata kama ameangukia majini. Wengi hujaribu kuwatofautisha kwa manyoya. Manyoya, hata hivyo, ni shahidi dhaifu, kwa kuwa pande zote mbili ziliyatafuta kwa sababu moja: kumkinga mbwa na miiba na maji baridi. Kinachowatenga hasa ni uamuzi wa wafugaji wa kwanza kuhusu damu ipi iingie katika ukoo na ipi izuiwe.

Eduard Karel Korthals, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1851, alianza miaka ya 1870 na mbwa wachache, wa kwanza wao akiwa jike aitwaye Mouche. Baadaye alihamia Biebesheim, Ujerumani, akifadhiliwa na Mwanamfalme Albrecht wa Solms-Braunfels. Mwanzoni alichanganya damu za mbwa tofauti. Junon, mmoja wa mbwa wake wa msingi, alikuwa na manyoya mafupi. Lakini alipowapata Moustache I, Querida na Lina, wote watoto wa Banco na Trouvée, aliendelea kuzalisha ndani ya ukoo huo huku akichuja bila huruma. Mwaka 1887 sifa rasmi za Griffon ziliandikwa, na Korthals alipofariki mwaka 1896 mbegu ilikuwa imeshatulia. Drahthaar alipita njia nyingine. Sigismund von Zedlitz, aliyeandika kwa jina la Hegewald, aliwahimiza wawindaji wa Ujerumani wamtafute mbwa mmoja wa kazi zote: mashambani, msituni na majini. Chama cha Drahthaar kiliundwa mwaka 1902, na wanachama wake hawakubagua chanzo: Griffon pamoja na aina nyingine za mbwa wa kuwinda, yaani Pudelpointer, Stichelhaar na Kurzhaar, wote walichangia damu. Kwao kazi ilitangulia, umbo lingefuata. Hadi leo chama hicho hakiruhusu mbwa azalishwe kabla ya kufaulu mitihani ya uwindaji.

Atasema mtu kwamba rula inatosha: dume la Griffon lina kimo cha sentimita 55 hadi 60, la Drahthaar 61 hadi 68. Hoja hiyo inafaa kwa madume peke yake. Jike la Drahthaar huwa na sentimita 57 hadi 64, kwa hiyo mbwa wa sentimita 58 anaweza kuwa wa upande wowote. Dalili bora ni ile inayobeba historia. Pua ya Griffon ni ya kahawia tu, ilhali Drahthaar anaruhusiwa rangi nyeusi, na mwenye rangi hiyo huwa na pua nyeusi. Manyoya husaidia kidogo tu: singa za Drahthaar hutakiwa kuwa za sentimita 2 hadi 4, zikilala karibu na mwili. Griffon kwa kawaida huonekana mwenye manyoya marefu zaidi, yaliyotimka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Drahthaar ana damu ya Griffon, hivyo kuwatenga ni ubishi wa vyama tu. Undugu huo haukataliki. Lakini kuwa na babu mmoja si kuwa aina moja, maana kilichoamua sura na tabia ya vizazi vilivyofuata ni uchujaji, na uchujaji ulitofautiana. Ushahidi ulionekana Marekani katika miaka ya 1980, pale chama kimoja cha Griffon kilipoanza kuingiza damu ya Fousek wa Kicheki. Wapenzi wa Griffon waligawanyika, ingawa Fousek naye ni mbwa wa ndevu na singa ngumu. Kama manyoya ndiyo yangemfanya mbwa awe Griffon, mgogoro huo usingekuwa na sababu. Kwa hiyo anayetaka kununua mmoja wao aangalie pua na kimo, lakini asitoe pesa kabla ya kusoma cheti cha nasaba na kuuliza wazazi wa mbwa huyo walipimwa kwa kazi gani.