Kilabu cha mbege

Kilabu cha mbege ni mahali pa kuuzia na kunywea mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga wa mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Mara nyingi pombe hupikwa papo hapo au nyumba ya jirani, na kwa desturi wapishi ni wanawake. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Maji yake huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Magome ya msesewe, mti uitwao kitaalamu *Rauvolfia caffra*, hutia uchungu. Yakizidi, pombe hainyweki. Uchachu hauishii jikoni: mbege ya jana ni kali kuliko ya leo, na baada ya siku chache huharibika, ndiyo maana huuzwa karibu na inakopikwa.

Wateja hukaa kwenye mabenchi. Chombo cha asili ni kata ya kibuyu, ingawa vikombe vya plastiki vimeenea. Kata moja huweza kuzungushwa miongoni mwa wanywaji, wazee wakitangulia. Anayeitoa huonja kwanza, ishara kwamba pombe ni salama. Nyama choma na mtori huuzwa palepale au jirani.