Plau, maksai na trekta: Mali ya walowezi ilivyouzwa enzi za ukoloni

KABLA ya reli kufika Eldoret mwaka wa 1924, kila kipande cha chuma kilichotumika katika mashamba ya Uasin Gishu kilipandishwa huko kwa magari ya kukokotwa na maksai kutoka stesheni ya Londiani. Gari moja lilihitaji hadi maksai 16. Msimu wa masika lilikwama matopeni siku kadhaa, na plau, mbegu na seng'enge zikasubiri huko huko njiani.

Makaburu waliotoka Afrika Kusini mwaka wa 1908, zaidi ya watu 200, walikuja na magari yao wenyewe na kuyatumia kupanda mlima kutoka Nakuru. Mji waliouzunguka uliitwa "64" kwa sababu ulianzia katika shamba lenye nambari hiyo, na jina la Eldoret likaja mwaka wa 1912. Husimuliwa hadi leo kwamba kasha la fedha la benki ya kwanza mjini humo lilianguka kutoka kwa gari la maksai, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuliinua, benki yenyewe ikajengwa kulizunguka.

Bidhaa hizo zilitoka ng'ambo hadi Mombasa, kisha zikapitia kwa mawakala wa Nairobi na Nakuru. Kampuni ya Gailey & Roberts, iliyoanzishwa mwaka wa 1904, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wa mwanzo wa mitambo nchini. Mwaka wa 1923 walowezi waliokuza mahindi waliungana mjini Nakuru katika chama ambacho baadaye kilijulikana kama KFA. Kupitia kwake waliuza mavuno yao na kununua magunia, mbolea na vipuri. Wafugaji wa maziwa nao walianzisha KCC huko Naivasha mwaka wa 1925, na mashine ya kutenga krimu ikawa kifaa cha lazima katika kila shamba la ng'ombe wa gredi.

Wahindi hawakuruhusiwa kumiliki mashamba katika Nyanda za Juu, ila bila wao kazi ingelala. Maduka yao ndiyo yaliyouza misumari, taa na mafuta hadi vijijini, na mafundi wao, wengi wakiwa Makalasinga, ndio waliounga ekseli zilizovunjika na kutengeneza magari ya maksai.

Mlowezi wa kawaida hakuwa tajiri jinsi wengi wanavyodhani. Alinunua kwa mkopo, rehani ikiwa shamba, mashine au mahindi ambayo hayajavunwa. Bei ya mahindi ilipoporomoka duniani kuanzia mwaka wa 1929, huku nzige wakivamia mashamba, wengi walishindwa kulipa. Serikali ya kikoloni iliunda Benki ya Ardhi mwaka wa 1931 ili kuwaokoa, lakini si wote waliookoka.

Hapo ndipo mnada ulipoingia. Dalali alitangaza shamba gazetini, na chini ya idadi ya ekari akaorodhesha mali inayohamishika: maksai waliozoea nira, minyororo, plau, haro, mashine ya kupanda na ya kupura, matandiko ya farasi, hata vitanda na vyombo vya mezani. Jirani aliyekuja kununua plau kwa bei ya chini alijua kwamba msimu ujao huenda yake ndiyo ikapigiwa nyundo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Kiwanda chake cha kahawa kiliteketea mwaka wa 1923, na mwaka wa 1931 shamba likauzwa kwa sababu ya madeni. Baadhi ya samani zake zilinunuliwa na Lady McMillan.

Katika matangazo ya aina hiyo, jambo moja halikuandikwa. Katika shamba lililouzwa waliishi pia maskwota, familia za Waafrika zilizoruhusiwa kulima vipande vidogo na kufuga kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hao hawakuwa mali ya kuuzwa, lakini shamba lilipobadilisha mikono, mwenye shamba mpya ndiye aliyeamua nani abaki na afuge mbuzi wangapi.

Trekta ilizidisha mashaka yao. Kwa miaka mingi maksai ndio waliolima, na ndigana kali inayoenezwa na kupe iliwaua kwa wingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilihitaji chakula, na sheria ya mwaka wa 1942 ikawapa walowezi ruzuku ya kuvunja ardhi mpya pamoja na hakikisho la malipo hata mavuno yakiharibika. Fedha zilipatikana. Kuanzia mwaka wa 1946 Uingereza ilianza kuunda trekta ndogo ya kijivu ya Ferguson, ambayo dereva wake aliweza kuinua na kushusha plau akiwa kitini.

Ardhi ambayo awali ilikaa bure, au ililishiwa mifugo ya maskwota, sasa ililimwa yote. Mabaraza ya walowezi yalipandisha siku za kazi hadi 240 na hata 270 katika baadhi ya wilaya, na kupunguza mifugo ya maskwota hadi karibu kuimaliza. Waliokataa walifukuzwa. Chuki iliyozaliwa hapo ilichangia pakubwa vita vya Mau Mau.

Mwafrika naye alitaka chuma hicho. Ukambani, plau ya maksai ilienea vizuri kabla ya vita hivyo vya dunia. Kununua mashine kubwa ndiko kulikokuwa kugumu, kwani hakuwa na hatimiliki ya kuweka rehani. Isitoshe, chini ya sheria ya mwaka wa 1948, mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya Sh200 bila idhini ya afisa wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Basi nani angemuuzia trekta kwa mkopo?

Mkutano wa Lancaster House wa mwaka wa 1960 ulipobainisha kwamba uhuru u karibu, soko la mashamba lilianguka. Kupitia mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962 kwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia miongoni mwa wengine, serikali ilinunua mashamba na kuyagawia familia zipatazo 35,000.

Kilichonunuliwa hasa kilikuwa ardhi na majengo. Mifugo na mitambo mara nyingi ilibaki kuwa ya mwenyewe, naye aliiuza kando kwa yeyote aliyetaka. Familia nyingi zilikabidhiwa ploti na deni la kulipwa kwa miaka 30, kisha zikaanza msimu wa kwanza kwa jembe la mkono, katika konde ambalo mwaka uliotangulia lililimwa kwa trekta.

Wachache waliokuwa na akiba walinunua matrekta hayo makuukuu na kuanza kuwalimia majirani kwa malipo ya ekari. Biashara hiyo ingalipo Uasin Gishu na Trans Nzoia, na mvua za Machi zinapokaribia, mwenye ekari tatu hupanga foleni kumsubiri mwenye trekta.