Stesheni ya Dar es Salaam: Reli ya Bara Katika Mji wa Pwani

Wajerumani walipoanza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwenyeji wa mji hakuwamo katika hesabu zao. Walikusudia kuishika bara na kuyateremsha mazao yake hadi bandarini, penye kina cha maji, kwani ni bandari hiyo iliyowafanya wahamishe makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ndipo stesheni ikawekwa ubavuni mwa bandari, behewa liwe karibu na meli. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na mapema mwaka 1914 ikaufikia ufuo wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, mwendo wa takriban kilomita 1,250, ambao misafara ya wapagazi ilikuwa ikiukata kwa miezi.

Ama usafiri wa mji wenyewe, huo ulichelewa mno. Mabasi ya kampuni ya DMT yalianza mwaka 1949, yakataifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mji ukakua kuliko mabasi yake, hata mwaka 1983 serikali ikaziruhusu gari za watu binafsi, nazo ndizo daladala. Na Stesheni, ambayo kwa Wajerumani ilikuwa mlango wa bara, ikawa kituo cha kuitwa na wapiga debe, kikijaa watu ambao aghalabu hawakuwa na safari yoyote ya treni.

Wakati huo mji ulikwisha kuwa na stesheni ya pili. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, tena kwa sababu adhimu ya kuikomboa Zambia kutokana na njia za kusini zilizoshikwa na walowezi. Lakini upana wake ni milimita 1,067, na ule wa Reli ya Kati, yaani ile ya Wajerumani, ni milimita 1,000, kwa hiyo shehena hupakuliwa na kupakiwa upya pale Kidatu. Na abiria atokaye Mbeya akitaka kwenda Tabora, huteremka kwenye jengo kubwa la Barabara ya Nyerere, akajitwika mizigo yake na kutafuta daladala ya kumfikisha stesheni ya zamani. Kwangu mimi hilo ni kosa la mipango lililomlemea msafiri kwa muda mrefu kupita kiasi.

Oktoba 2012 ndipo reli hizo kongwe zilipotiwa katika kazi ya mji: treni moja kati ya Ubungo Maziwa na Stesheni, nyingine ya TAZARA kati ya Mwakanga na Kurasini, na watu wakaziita za Mwakyembe, kwa jina la waziri aliyezisimamia. Mwaka 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi, yenye kituo pale Gerezani, jirani na reli. Na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza safari za Morogoro, kisha Dodoma, ikitoka katika stesheni mpya iliyo karibu na ile ya kale. Sasa mtu hutoka Dodoma akafika pwani kwa muda usiozidi saa nne. Inabaki kazi ya kumwezesha, akishuka na watoto na mizigo, aendelee hadi Mbagala au Gongo la Mboto kwa tiketi ile ile, na kwa gari linalomngoja.