Ufunguo na Kura: Neno kwa Mgeni wa Steemit

Ukijiunga na Steemit, jukwaa la makala lililojengwa juu ya blokcheni mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer, utakabidhiwa funguo kadhaa za siri. Ule wa kuchapishia utumie kila siku. Ule wa umiliki uuhifadhi nje ya mtandao, kwani ukipotea hakuna wa kukurudishia.

Ujue pia kwamba humo kura hupimwa kwa wingi wa sarafu. Machi 2020, baada ya Justin Sun kuinunua kampuni, baadhi ya masoko ya sarafu yalipiga kura kwa amana za wateja, yakawaondoa wasimamizi waliochaguliwa na jumuiya. Wengi wakahama, wakaanzisha Hive.

Basi usimwachie mwingine sarafu zako: ndizo kura yako.