Asili ya Neno "Cardigan"

Wasikilizaji, jioni hii nataka kusema nanyi habari ya neno ambalo Waingereza hulitaja kila majira ya baridi yanapoingia. "Cardigan" ni koti fupi lililofumwa kwa sufu, halina ukosi, nalo hufungwa mbele kwa vifungo. Wengi walivaalo hawakumbuki kuwa jina hilo kwanza lilikuwa la mtu, na kabla ya mtu lilikuwa la mji.

Cardigan ni mji wa Wales. Jina lake latokana na Ceredigion, yaani nchi ya Ceredig, mtawala wa zamani sana. Mji ukatoa jina kwa cheo cha ukoo mmoja mkubwa, na mwenye cheo hicho wa saba, James Brudenell, ndiye ambaye nguo yetu iliitwa kwa jina lake.

Mwaka 1854 Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa wakipigana na Warusi katika rasi ya Krimea. Tarehe 25 Oktoba, karibu na bandari ya Balaclava, Lord Cardigan aliongoza wapanda farasi kama 670 kuielekea mizinga ya Warusi bondeni, kwa sababu ya amri iliyofahamiwa vibaya. Watu kama 110 waliuawa. Yeye mwenyewe alirudi salama. Ushujaa wake siukani, walakini yafaa ijulikane kuwa bwana huyo alikuwa akilala katika merikebu yake ya anasa bandarini, hali askari wake wamelala hemani. Aliporudi kwao mwaka 1855 alishangiliwa mno, na wenye maduka wakauza fulana za sufu mfano wa ile iliyosemwa kuwa aliivaa vitani.

Na wale wa hemani je? Tarehe 14 Novemba 1854 tufani kubwa ilivunja merikebu nyingi nje ya Balaclava, na mojawapo, Prince, ilizama pamoja na shehena ya nguo za baridi. Hata nguo nyingine zilipowasili, hazikuwafikia watu upesi. Jeshi lilikuwa juu, mbele ya mji wa Sevastopol, mwendo wa maili kama saba tu kutoka bandarini. Lakini njia ilikuwa tope tupu, na farasi wa mizigo walikuwa wakifa kwa njaa na baridi. Basi nguo zilikaa pwani, na watu wakaganda mlimani. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la The Times, alizipeleka habari hizo London bila kuficha, na watu wakaghadhibika hata serikali ikaanguka mwisho wa Januari 1855. Reli ya kupandisha mizigo ilijengwa mwanzo wa mwaka huo, majira ya baridi yakielekea kwisha. Waingereza waliokufa kwa silaha katika vita vile hawakuzidi 5,000; waliokufa kwa maradhi walikuwa kama 16,000.

Vita hivyo viliacha majina mengine mawili katika sanduku la nguo. Jemadari mkuu, Lord Raglan, aliyekatwa mkono wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815, ameacha jina lake kwa mkono wa koti unaoanzia shingoni badala ya begani. Naye alikufa huko huko Krimea, Juni 1855.

Jina la pili ni "balaclava", ile kofia ya sufu inayofunika kichwa chote na shingo, ikaacha uso tu, ambayo kwetu huitwa mzula na walinzi wa usiku wa nchi za milimani waijua vema. Wanawake wa Uingereza walifuma mavazi mengi ya sufu wakawapelekea askari. Lakini kofia haikuitwa kwa jina hilo katika maandishi ila miaka zaidi ya 20 baada ya vita, na jina ililopewa ni la bandari ile ile ambamo nguo zilikaa. Askari waliokesha mbele ya Sevastopol hawakulijua.